Wavu wa kutenganisha oili na maji: dada wa Igogo, kabla hujatoa hiyo laki sita

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mtaalamu. Nina gereji ndogo na sehemu ya kuoshea magari huku Igogo, Mwanza, maji yetu yanaingia kwenye mfereji na mfereji unaishia ziwani. Majirani wameshalalamika, bwana afya naye kapita kaacha barua. Sasa kuna kijana anauza wavu wa chuma uliopakwa dawa ya nano, anasema ukimwaga maji machafu juu yake oili inapita maji yanabaki. Kanionyesha kwenye beseni na imefanya kazi kweli, nimeona kwa macho yangu. Anataka laki sita, anarudi Jumamosi. Ni kweli au napigwa? Na kama ni kweli naweza kutengeneza mwenyewe?"

Marahaba dada, habari za Igogo. Jibu fupi ni kwamba kijana hadanganyi, ule wavu ni kitu cha kweli kabisa na sayansi yake ipo miaka mingi, ila kwa kazi yako wewe anakuuzia kasia wakati mtumbwi huna. Jibu refu ndo hili hapa, chukua chai maana nitazunguka kidogo.

Kwanza alichokuonyesha. Umewahi kuangalia jani la magimbi asubuhi baada ya mvua? Maji hayalowi pale, yanajikunja yanakuwa vidonge, ukiinamisha jani kidogo vinakimbia vyote na vumbi vinabeba. Jani halina uchawi, lina nta juu yake, afu ile nta haijapakwa ikawa laini kama plastiki, ina vinundu vidogo vidogo ambavyo kwa macho huvioni, na katikati ya vinundu kuna hewa imenasa, kwa hiyo tone la maji limekaa zaidi juu ya hewa kuliko juu ya jani. Wajerumani wawili, Barthlott na Neinhuis, walilieleza vizuri jambo hili mwaka 1997 wakitumia jani la lotasi, lile ua linalofanana na yungiyungi, toka hapo dunia nzima ya wapaka rangi ikaanza kuiga majani.

Sasa oili mbona haifanyi hivyo? Kwa sababu maji yana ngozi ngumu. Hiyo ngozi inapimwa, maji safi ni kama milinyutoni 72 kwa mita, dizeli na oili ya injini ziko kati ya 25 na 35 hivi. Kitu chenye ngozi ngumu kinapenda kujikunja, kitu chenye ngozi laini kinatandaa kirahisi. Ukiweka zote mbili juu ya nta, maji yanajikunja yanakataa, oili inatandaa inaingia kwenye kila kitundu. Basi hiyo ndo siri yote: chukua wavu wa chuma wenye matundu madogo, upake kitu cha jamii ya nta chenye vinundu, maji yatakaa juu, oili itapita. Wachina wa kundi la Jiang Lei walionyesha mwaka 2004, wao walipaka Tefloni, ile ya vikaango visivyogandisha, kwenye wavu, dizeli ikapita maji yakabaki. Kwa hiyo kijana wako ana mababu.

Ukitaka kujionea nyumbani bila kutoa hata mia, chukua kijiko, kishike juu ya moto wa mshumaa au kibatari mpaka kigande masizi meusi, kipoe, afu dondoshea tone la maji. Litakimbia kama goroli. Kizamishe kwenye glasi ya maji utaona kinang'aa kama fedha, ile ni hewa imenasa kwenye masizi. Afu kipitishe kidole mara moja, masizi yote yamebaki kidoleni na kijiko kinalowa kama kijiko kingine chochote. Kumbuka hicho kidole, tutarudi kwake.

Haya, sasa kwa nini nasema sio kazi yako.

Angalia alivyomwaga. Nakadiria alikuwa ameinamisha wavu, au alimwaga taratibu na kikombe, oili ikateleza ikagusa wavu ikapita. Kwako hakuna mtu wa kukaa na kikombe kutwa. Shimo likijaa, maji ni mazito yanakaa chini, oili inapanda juu, na wavu uko wapi? Chini. Kinachougusa ni maji ambayo wavu hauyataki, na oili ambayo wavu unaitaka inaelea huko juu haina njia ya kushuka. Vinabaki vinaangaliana tu. Maabara nyingi wanapopiga picha nzuri za wavu wa aina hii wanatumia mafuta mazito kuliko maji, kama klorofomu, yanazama yenyewe mpaka kwenye wavu, picha inatoka safi. Oili ya Fuso haizami dada.

Na hata hayo maji yanakataliwa mpaka kiasi fulani tu. Nimepiga hesabu kwa tundu la sehemu moja ya kumi ya milimita na mpako mzuri kabisa, maji yakifika kina cha kama sentimita 25 yanalazimisha njia yanapita. Hiyo ni kwa maji safi, na maji yako sio safi, yana sabuni, na hapa ndo penyewe.

Sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ikiingia kwenye maji inafanya mambo mawili kwa mpigo: inalainisha ile ngozi, kutoka 72 inashuka mpaka 30 na kitu, yani maji yanaanza kufanana tabia na oili, na pili inaenda kukaa kwenye nta yenyewe, mkia umeshika nta kichwa kimetazama nje, kwa hiyo sehemu iliyokuwa inachukia maji sasa inayapenda. Wavu wa laki sita unageuka chujio la chai. Na hii sio kuharibika, mpako bado upo, ila umevalishwa nguo nyingine.

Mi mwenyewe nimeshaaibika na hii kitu. Kuna gereji moja Nyakato, sitaitaja, nilienda na kipande changu cha wavu wa shaba nilichokipaka asidi ya stiariki, ile ile wanayonunua watengeneza mishumaa na sabuni, kilikuwa kizuri hicho, ofisini nilishapitisha dizeli mara nyingi hakijaruhusu hata tone la maji. Nikakifunga kwenye bomba pale, mafundi wote wamekuja kuangalia, mmoja ameshika simu anarekodi. Maji ya kwanza yalitoka kwenye gari iliyooshwa injini na sabuni ya unga. Wavu ulihimili, sijui, dakika tano? Sita? Afu kila kitu kikapita pamoja, maji, oili, povu, na nyuma yake matope yakaja kuziba matundu, ikawa hata hayo mchanganyiko hayapiti tena. Yule wa simu hakuacha kurekodi.

Kwa hiyo matope na kidole. Mpako wa vinundu ni laini, mchanga wa Mwanza unaujua, huu wa kumeguka kwenye mawe una makali, ukipita juu ya wavu siku nzima unafanya kile kidole kilichofanya kwenye masizi. Kuna mipako migumu zaidi, ndio, ila ukiambiwa "inadumu" muulize inadumu kwenye maji gani.

Sasa geuza kichwa. Badala ya wavu unaopenda oili na kukataa maji, kuna ndugu yake anayefanya kinyume, anapenda maji na kukataa oili, na kwa mtu mwenye maji mengi na oili kidogo kama wewe huyu ndo anayestahili kusikilizwa, kwa sababu maji ndo mazito, yatashuka yenyewe yapite, oili itabaki inaelea juu uichote. Huyu naye kaigwa kwa kiumbe, na huyu kiumbe tunamjua kuliko mtu yeyote: samaki. Mwaka 2009 kundi lile lile la Jiang likaeleza kwa nini magamba ya samaki hayashiki oili akiwa majini. Gamba lina mikunjo midogo na ute, vinashika maji, kwa hiyo samaki amevaa koti la maji, oili ikija inakuta maji sio gamba, inateleza. Ukimtoa sangara pale soko la samaki Mwaloni akakauka juani, oili itamshika vizuri tu, koti limeisha. Mwaka 2011 wakapaka wavu kitu kama ute huo, jeli inayonyonya maji, maji yakapita, mafuta yakabaki juu.

Umeona neno nililoliweka hapo, akikauka. Huu wavu wa pili sharti uloe maji safi KABLA oili haijaugusa, na ukae umelowa muda wote. Oili ikiwahi kuingia kwenye matundu makavu imeshachukua nyumba, kuitoa ni kesi.

Na sasa nikupe kitu ambacho kwa sisi wa kanda ya pamba naona aibu kwamba tunakwenda kununua nano. Chukua pamba mbichi, ile iliyotoka kwenye jineri au shambani Magu, Kwimba, Misungwi, haijafanyiwa chochote. Chukua na pamba ya hospitali. Zitupe zote kwenye beseni la maji. Ya hospitali inazama muda mfupi tu, ile mbichi inaelea, unaweza kuiacha pale ukaenda sokoni ukarudi. Sasa idondoshee ile inayoelea oili, inainywa yote. Ni nyuzi zile zile! Tofauti ni kwamba pamba mbichi ina ngozi nyembamba ya nta iliyozaliwa nayo, na ya hospitali imechemshwa na dawa kali nta ikatoka. Ukitaka hakikisha mwenyewe, chemsha ile mbichi na magadi soda ya kutosha kama lisaa, suuza sana, irudishe kwenye maji, itazama. Mpako ndo umebadilisha tabia yote, ndani hakijabadilika kitu.

Kwa hiyo una vitu viwili kutoka mmea mmoja. Pamba mbichi, yenye nta, kazi yake kunywa oili iliyoelea. Na kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kimechoka, kanga kuukuu yani, nta hakina tena, ukikilowesha kwanza kikawa chepechepe kinapitisha maji na kuzuia oili inayoelea. Kanga mpya hapana, ina wanga na vikorokoro vya kiwandani. Hili swali lako la kutengeneza mwenyewe nimeshalijibu hapo ila subiri usikimbie kufunga kanga kwenye mfereji, maana kitambaa na wavu wote ni wa mwisho kwenye mstari, wa kwanza ni shimo.

Shimo la vyumba vitatu. Hapa ndo laki sita zako ziende, matofali, sementi, na viwiko vya bomba la plastiki.

Oili inapanda yenyewe, hulipii umeme, swali ni inapanda kwa kasi gani. Kwa maji ya joto la huku kwetu, nyuzi 25 hivi, tone la oili lenye upana wa maikroni 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambalo ndo kipimo wanachotumia wahandisi wa viwanda vya mafuta kuchora matangi yao, linapanda kama sentimita 10 kwa dakika. Safi. Ila kasi inafuata mraba wa upana, kwa hiyo tone la maikroni 20 linapanda sentimita 11 kwa LISAA, na la maikroni 2, dada, milimita moja kwa lisaa. Ukimpiga oili na mashine ya presha pamoja na sabuni unamvunja kuwa matone ya namna hiyo ya mwisho, maji yanakuwa meupe kama maziwa, na hayo hata ukiyaacha mpaka kesho bado maziwa.

Tuseme unaosha gari nne kwa saa, kila moja lita 100, hiyo ni lita 400 kwa saa. Chumba chenye uso wa mita moja kwa mita moja maana yake maji yanasogea kama sentimita 40 kwa saa, tone lolote linalopanda haraka kuliko hapo linashikwa, kwa hesabu ni yale ya maikroni 40 kwenda juu. Ukiweka uso wa mita mbili za mraba unashika na madogo zaidi. Umeona kilichosaidia? Upana. Kina hakikusaidia kitu, watu wengi wanachimba shimo refu kwenda chini wakidhani ndo kubwa, linabeba maji mengi kweli ila tone linalotaka kutoka lina safari ndefu zaidi. Chimba pana, mita moja kwenda chini inatosha sana.

Chumba cha kwanza ni cha mchanga na matope, hiki utakisafisha mara nyingi kuliko vyote, na usidharau maana oili nyingi inatembea imepanda mgongoni kwa matope. Chumba cha pili cha oili kuelea. Bomba la kutoka huku kwenda cha tatu lisichukue maji juu, weka kiwiko kinachotazama chini, mdomo wake uwe kama sentimita 30 juu ya sakafu, ili kinachotoka ni maji ya katikati, oili ibaki juu na tope libaki chini. Fundi akikuwekea bomba la moja kwa moja usawa wa juu, amekujengea njia nzuri ya kupeleka oili ziwani, mrudishe. Chumba cha tatu kinarudia kazi ya pili, na pale kwenye mlango wake wa kutoka ndo unaweka wavu wako wa kupenda maji au kanga kwenye fremu, umezama ndani ya maji muda wote.

Nimekupigia na hesabu ya huo wavu pia. Matundu ya maikroni 50, hizi wavu za stenlesi za namba 300, yani matundu 300 kwa inchi, oili isiyo na sabuni inazuiliwa mpaka irundikane sentimita 30 na kitu. Ikija sabuni, mvutano kati ya oili na maji unaporomoka kabisa, hesabu hiyo hiyo inashuka mpaka sentimita mbili au chini. Kwa hiyo hata ndugu wa pili sabuni anamuogopa. Anavumilia kidogo kwa sababu kwenye chumba cha tatu oili inayofika ni utando tu, ukiichota kila jioni haifiki sentimita. Ila usimtegemee kwa yale maziwa, yatapita kana kwamba hayupo.

Kwa maziwa tumia shabu. Ndio, shabu ile ile ya kutulizia maji ya kunywa. Yale matone madogo yanakaa mbalimbali kwa sababu yote yana chaji ya aina moja yanasukumana, shabu inaua hiyo chaji yanashikana mabonge, mabonge makubwa yanapanda au yanazama na tope. Kiasi gani? Hapo sikupi namba kwa sababu inategemea sabuni yako, fanya hivi: chukua chupa tano za plastiki zinazoonyesha ndani, jaza maji yako ya kuoshea, ya kwanza usiweke kitu, zingine ongeza maji ya shabu kijiko kimoja, viwili, vitatu, vinne, tikisa, acha usiku. Asubuhi chagua chupa iliyosafika kwa shabu kidogo kuliko zote. Ni kazi ya dakika kumi na mtoto wa sekondari atafurahi kukufanyia. Lile tope la chini nalo lina oili, sio la kumwaga nyuma ya nyumba.

Afu kuna mambo ambayo hayana sayansi yoyote. Oili ya gereji isikutane na maji kabisa, yani kwanza. Fundi akimwaga oili ya injini iingie kwenye trei iende kwenye pipa, kilichodondoka sakafuni mwagia vumbi la mbao fagia, usipige na maji. Injini yenye grisi ifutwe kwanza na tambara. Osha injini sehemu moja na bodi sehemu nyingine kama nafasi ipo, maana bodi ina vumbi tu na sabuni, injini ndo ina oili, ukivitenganisha umeshapunguza ugomvi wa sabuni na oili nusu nzima. Na paua sehemu ya kuoshea au angalau pandisha kingo, kwa sababu mvua ya vuli ikishuka kutoka milimani huko ikaingia kwenye vyumba vyako vitatu itasomba oili ya wiki nzima kwa dakika mbili, nimeona.

Oili iliyoelea chumba cha pili na cha tatu utaichotaje? Hapa ndo pamba mbichi inarudi. Itie kwenye mfuko wa nyavu, ule wa vitunguu unafaa, ifunge kamba, iache ielee. Sufi ni bora zaidi kama unaipata, mito ya zamani ya bibi ilijazwa sufi, nyuzi zake zina tundu katikati kama mrija na nta kwa nje, inabeba mafuta mara 30 na zaidi ya uzito wake na maji haiyataki. Ikishiba kamua kwenye pipa, irudishe, inarudi kazini mara kadhaa. Wamarekani wa maabara ya Argonne mwaka 2017 walitangaza sponji, hii sponji ya godoro, wameipaka ndani kwa ndani mpako unaoshika oili, inabeba mpaka mara 90 ya uzito wake na inakamulika. Kitu kikubwa, siwabezi hata kidogo. Ila godoro tupu bila mpako usijaribu, linakunywa maji na oili vyote, utakamua supu.

Na kwa haki ya yule kijana, wavu wake ungefaa hapa. Akikutengenezea kama kikapu kidogo kinachoelea, mdomo umefungwa na ule wavu wa kupenda oili usawa wa juu ya maji, oili iliyoelea itaingia ndani maji yatabaki nje, unakuja jioni unamwaga kikapu kwenye pipa. Kipande cha ukubwa wa sahani kinatosha, na hicho sio laki sita. Pia kama una tangi la dizeli na linaingiza maji, wavu wake kwenye kuchuja dizeli ni mahali pake hasa, huko hakuna sabuni.

Muulize kitu kimoja cha maana: mpako wake una florini? Jamii ya Tefloni na ndugu zake ndo inayofanya kazi vizuri kuliko yote, ndo maana wengi wanaipenda, lakini baadhi ya kemikali za ukoo huo hazioziki, zinakaa kwenye maji na kwenye miili miaka na miaka, mbili kati yao, PFOS na PFOA, zimeingizwa kwenye mkataba wa Stockholm, ule wa dunia wa kuzuia kemikali zisizooza, mwaka 2009 na 2019. Mpako unaobanduka kidogo kidogo kwenda ziwani, na pale Capri Point jiji linavuta maji ya kunywa, mi ningeukataa hata ukiwa bure. Kama ni wa stiariki au silikoni hiyo hofu ya florini haipo.

Najua kuna atakayesema haya yote kwa lita mbili tatu za oili. Ule utando wenye rangi kama upinde wa mvua unaouona kwenye mfereji unaanza kuonekana kwenye unene wa kama maikroni 0.3. Lita moja ikitandaa kwa unene huo inafunika mita za mraba kama 3,300, karibu nusu ya uwanja wa mpira, na chini yake hewa haiingii majini vizuri. Wale mnandi wanaokaa pale Bismarck Rock wametanua mabawa wanaanika, manyoya yao yanaingiza maji kwa makusudi ili wazame kirahisi, yakipata oili badala ya maji hayaanikiki tena.

Kuhusu barua ya bwana afya, usiiogope ila usiiweke kwenye droo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inazungumzia mita 60 kutoka ziwani, pima kabla hujaanza kujenga shimo, usije ukajenga kizuri ukaambiwa uhame. Ukienda ofisini kwake na mchoro wa vyumba vitatu, hata wa kalamu, mazungumzo yanabadilika. Oili ya kwenye pipa tafuta mkusanyaji mwenye kibali, usiwape wa kupikia wala kuchomea tofali, ile oili chafu ina vyuma ndani na moshi wake sio wa kuvuta. Najua watu wanapaka mbao kuzuia mchwa, wanapaka, ila sio karibu na kisima.

Sasa Jumamosi. Kijana akija mkaribishe vizuri, usimgombeze, inawezekana hata yeye hajawahi kuupima kwenye maji ya kuoshea magari. Ila beseni lake aliweke pembeni. Ijumaa jioni, gari ya mwisho ikishaoshwa injini, kinga ndoo nzima ya maji pale pale kwenye mfereji wako, yenye sabuni, mchanga na kila kitu, ifunike. Asubuhi mpe hiyo ndoo, amwage yote bila kuinamisha wavu, afu arudie na ndoo ya pili bila kuuosha. Ikipita mitihani yote miwili niandikie haraka, nitapanda daladala nije kununua na mimi.